Siku Niliyokataza Mashine Isizimwe

Ninyi vijana mnaorithi kiti changu, nianze na jambo ambalo tayari mmelisikia, maana pale redioni hata mama anayeuza maandazi mlangoni analijua. Dawa ya Papa Kambale, yaani mimi, ni moja: zima, washa. Miaka yote niliyotunza mashine za studio, mtu akija kulalamika kwamba kompyuta imeganda, printa imegoma au mikseri inaunguruma, nilimuuliza bila kunyanyua kichwa, "Umezima ukawasha?" Kama hakuwa amezima, alirudi kuzima. Mara nyingi sikumwona tena siku hiyo. Hivyo ndivyo nilivyopata jina la fundi mkubwa.

Siionei aibu dawa hiyo. Shule yangu iliishia katikati ya sekondari, upande wa umeme, na kompyuta nilianza kuijua nikiwa tayari na mvi. Mtu wa namna yangu akipata dawa inayoponya wagonjwa wengi, haendi kutafuta nyingine.

Mgonjwa mmoja tu ndiye aliyeikataa, na huyo nilikuwa nimemuoa.

Mke wangu, Masika, ndiye aliyesoma komunike kwenye redio yetu. Mnajua komunike zenyewe: nani amefariki na matanga yako wapi, kikundi gani kinakutana, nani ameokota kitambulisho, ng'ombe wa nani ameonekana kwenye shamba la nani. Mji mzima ulimsikiliza kwa sababu kila mtu aliogopa kusikia jina la ukoo wake. Alirekodi kwenye kompyuta ya studio ndogo, inayotumia Linux, na ikiganda alinipigia. Nami nilimpa dawa yangu.

"Weye ni fundi ao ni swichi?" aliniuliza siku moja mbele ya wafanyakazi wote. "Mutu akikohoa, munamuzika kwanza njo munamufufua?"

Watu walicheka mpaka studio kubwa ikasikika hewani ikicheka katikati ya tangazo la misa. Masika alizima, akawasha, mashine ikapona, na hilo lilimuudhi zaidi kuliko kuganda kwenyewe. Alikuwa anasema kwamba ukizima hutajua kamwe ugonjwa ulikuwa nini. Nilimjibu kwamba sitaki kuujua, nataka uondoke. Tulikula chakula cha jioni juu ya maneno hayo mara nyingi.

Baadaye nilifunga batri kubwa kwenye studio ndogo, nikafanya kazi nzuri, niseme ukweli. Umeme ukaenda na kurudi upendavyo, lakini mashine ya Masika haikujua. Tangu siku hiyo haikuganda tena kwa muda mrefu, na mimi nikasahau hata kuizima kwa mazoea.

Kabla sijaendelea, juzi mmoja wenu, simtaji, anajijua, alinipigia akisema amechota kumbukumbu ya programu kwenye seva, yaani amenakili vyote ambavyo programu inashika ikiwa inatembea, na amepata faili tupu. Nilimuuliza aliiandika wapi. Akajibu, kwenye diski ya seva hiyohiyo. Nikamuuliza diski ilikuwa imejaa kiasi gani. Akanyamaza, akanishukuru, akakata. Ninasimulia haya yote kwa ajili ya kimya cha namna hiyo. Mimi nimekaa ndani yake zaidi yenu.

Masika alitoka studio jioni moja akisema kichwa kinamuuma. Ilikuwa presha. Kulipokucha hatukuwa naye. Sina la kuongeza hapo.

Matanga yaliwekwa nyumbani, mtaa wa Katoyi, hapahapa Goma. Turubai, viti vya kukodi, chai, wanaume wakicheza karata upande mmoja, waimbaji wa parokia upande mwingine. Nilikaa nilipowekwa. Watu walikuja, wakanishika mkono, wakasema wanayoyasema. Kila mmoja alikuwa na hadithi ya kusikia sauti ya Masika redioni, na kila aliponisimulia nilitambua kwamba mimi sina sauti hiyo mahali popote. Komunike hazihifadhiwi. Zikishapita hewani zinafutwa, ndiyo kazi yetu. Na kwenye simu hakuwahi kunitumia ujumbe wa sauti hata mmoja. "Sauti yangu iko kazini," alikuwa anasema. "Ukitaka kunisikia, fungua redio."

Siku ya pili ya matanga, Directeur wetu, mkuu wa redio, alikuja na wafanyakazi. Aliinama karibu na sikio langu.

"Papa Kambale, pole sana. Usifikirie kazi. Kuna kitu kidogo tu, mashine ya mama imekwama tangu siku ile. Komunike yake ya mwisho iko ndani, haikuhifadhiwa. Lakini tusikusumbue, tutafanya vile ulitufundisha. Tutazima, tutawasha."

Nilisimama. Kikombe cha chai kilibaki kwenye kiti.

Muhindo, kaka mkubwa wa Masika, alinifuata mpaka barabarani. Alikuwa amefika kutoka Butembo na ndiye aliyesimamia msiba kwa upande wao.

"Shemeji, unaenda wapi? Mufiwa hatoki kwenye matanga. Watu watasema nini?"

"Masika yuko studio," nilimwambia. Halafu nikasikia nilichosema, nikarekebisha. "Sauti yake iko ndani ya mashine. Wanataka kuzima."

Muhindo alinisogelea. "Aliacha sauti? Ya kusema nini?"

"Sijui."

Nikaona uso wake ukibadilika. Masika alikuwa na kiwanja, parcelle, alichoachiwa na baba yao, na ndugu walikuwa hawajaelewana juu yake. Kuanzia hapo Muhindo hakunirudisha matangani tena. Alisimamisha pikipiki mbili, akapanda ya mbele.

Tulipofika, mhudumu wa mapokezi alikuwa ameshaweka kidole karibu na kitufe. "Ninasaidia tu, Papa! Si wewe ulitufundisha?" Nilimwondoa. Akaja mtangazaji wa michezo kwa nia njema hiyohiyo. Nikamwondoa. Mwishowe niliweka kiti mbele ya mashine nikakaa, kama mlinzi, nikiilinda dhidi ya wanafunzi wangu wote. Nilivuna nilichopanda, shamba zima kwa siku moja.

Nikampigia Gisèle. Huyu ni injinia, binti wa familia ya Rutshuru, anayetunza mashine za ofisi kadhaa kati ya mjini na Rumangabo. Ndiye aliyenifundisha Linux kwa uvumilivu ambao sikuustahili. Siku hiyo alikuwa mjini. Alifika na begi lake, akanipa pole, hakuuliza kwa nini mfiwa yuko kazini. Aliuliza tu, "Nani amegusa nini?"

Sasa sikilizeni vizuri. Diski ya mashine ni ghala. Kumbukumbu yake ni mikono. Programu ikifanya kazi inashika vitu mikononi, na ukikata umeme mikono inafunguka, kila kitu kinaanguka na hakiokoteki. Diski ya mashine ya Masika ilikuwa imejaa, kwa hiyo programu ya kurekodi ilitaka kuandika ghalani ikakosa nafasi, ikaganda. Sauti ilibaki mikononi. Nilikuwa nimeshafuta mafaili ya zamani nikidhani ikipata nafasi itaamka. Haikuamka. Kishale cha kipanya kilizunguka juu ya dirisha la programu bila kujibiwa.

"Basi tutachota kutoka mikononi," alisema Gisèle. "Kwanza tupige picha ya kumbukumbu yote, kabla hatujamgusa mgonjwa."

Hiyo ni kanuni nzuri, ishikeni. Akachomeka flashi, akaanzisha chombo chake, programu ndogo ya kuchota kumbukumbu. Kilifanya kazi, kikamaliza, hakikulalamika. Faili lilikuwa la gigabaiti nne. Mashine ilikuwa na kumbukumbu ya nane.

"Imekula nusu?" aliuliza Muhindo, ambaye alikuwa amevuta kiti nyuma yetu na kukaa kama msimamizi wa mtihani.

Flashi ile ilikuwa ya mpangilio wa kizamani usiokubali faili moja kupita gigabaiti nne. Chombo kilijaza kilichoweza kikanyamaza. Vyombo hivi vina tabia hiyo: vikikosa, havisemi, vinakupa kidogo na kukuacha ufurahi. Pimeni ukubwa wa faili kabla ya kufurahi. Directeur alitupatia diski ya nje yenye video za harusi yake, akaniomba nisifute harusi. Tukachota tena. Nane kamili.

Gisèle akahamishia faili kwenye kompyuta yake akaagiza chombo cha kusomea kimwonyeshe programu zote zilizokuwa zinatembea. Jibu lilikuwa karatasi nyeupe. Hakuna programu. Kwa maoni ya chombo, mashine iliyokuwa inaunguruma mbele yetu na kupasha joto magoti yangu haikuwa na kitu chochote kinachotembea ndani yake.

Alirudia. Hakuna. Alibadilisha chombo. Hakuna. Directeur alichungulia mlangoni akasema habari za mchana zinahitaji mashine ile, kwa sababu ile nyingine ina kelele. Hakusema zima. Alisema, "Tunafanyaje?" na macho yakaenda kwenye kitufe.

Ili kusoma picha ya kumbukumbu, chombo kinahitaji ramani ya kiini cha mfumo, yaani sehemu ya Linux inayoongoza nyingine zote. Kila toleo la kiini lina ramani yake. Ukitumia ya toleo jingine, unatafuta nyumba ya Katoyi kwa ramani ya mtaa wa Himbi. Gisèle alikuwa amechukua namba ya toleo jipya kabisa lililokuwa limewekwa kwenye diski. Hata mimi ningefanya hivyo. Toleo jipya huanza kutumika mashine ikizimwa na kuwashwa, na nani mjini hapa amewahi kuona mashine ikipitisha wiki bila umeme kuizima? Mtu wa Goma hajiulizi hilo, kama asivyojiuliza iwapo mvua inalowesha.

Akaacha kuandika, akanigeukia.

"Papa, mashine hii ilizimwa mara ya mwisho lini?"

Nilijibu kwa fahari kidogo, Mungu anisamehe, katikati ya msiba. "Haijazimwa tangu nilipofunga batri."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Batri zangu ni nzuri."

Alifunika uso kwa mikono. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na kwa sababu ya hali yangu alijaribu kuficha kwamba anacheka. "Papa wa zima-washa," alisema. "Mashine yako moja tu haijawahi kuzimwa, njo ile tunasoma."

Aliuliza mashine yenyewe toleo linalotembea, siyo lililowekwa. Lilikuwa la zamani, la tangu nilipofunga batri. Tukapata ramani yake, na karatasi nyeupe ikajaa majina. Programu ya kurekodi ilikuwa pale. Kwa hiyo, vijana, ulizeni kinachotembea. Kilichowekwa ghalani hakisemi kitu juu ya kilichoko mikononi.

Nilidhani tumefika. Muhindo alishavua kofia ili asikilize vizuri. Lakini tulipotoa sehemu ya programu ile kwenye picha, ilikuwa na matundu mengi kama chandarua cha zamani. Mashine ikiona mzigo umezidi, vitu ambavyo havijaguswa kwa muda huvipeleka kwenye kona ya diski iliyotengewa kazi hiyo ili vipumzike, na sauti ya Masika ilikuwa imepumzika tangu juzi. Vipande vyake havikuwa kwenye kumbukumbu tuliyopiga picha.

"Basi tumuombe mgonjwa mwenyewe," alisema Gisèle.

Maana yake ni kusoma kumbukumbu kupitia programu yenyewe ikiwa hai. Ukiiomba kipande kilichopelekwa diskini, mfumo unakileta. Nikajaribu mimi, kwa jina langu, kwenye mashine niliyoifunga kwa mikono yangu. Ikanijibu kwamba sina ruhusa. Muhindo akaguna. Alidhani labda mashine inamjua mrithi halali. Ni kinga tu: Linux haipendi programu moja ichungulie tumbo la nyingine, hata kama zote ni zako. Ingieni kama msimamizi mkuu wa mfumo, na mkikataliwa hata hapo ndipo muanze kuhangaika. Nikaingia hivyo. Chombo kikaanza kusoma eneo baada ya eneo, kikafika eneo moja ambalo kiini hakimruhusu yeyote kulisoma, kikakasirika, kikaacha kazi yote. Gisèle akaandika mistari michache ya kukifundisha kwamba ukifika kwenye mlango uliofungwa unapita, unaendelea na mlango unaofuata. Kikaendelea mpaka mwisho.

Tukawa na faili lisilo na tundu. Nikatafuta ndani yake maneno. Nilipata majina ya vitufe vya programu, njia za mafaili, na tarehe nyingi. Masika hakuwemo.

Gisèle aliweka mkono kwenye bega langu. "Papa, sauti siyo maandishi. Haitafutwi kwa macho."

Nilikuwa nimetengeneza redio tangu ujana, na ilibidi niambiwe hivyo. Tukalichukua faili lote jinsi lilivyo, takataka na vyote, tukaliagiza lichezwe kama sauti. Kwenye spika za studio ikatoka kelele ya mvua kubwa juu ya mabati. Tukabadilisha jinsi namba zinavyosomwa, kwa sababu programu hii hushika sauti kwa namba zenye nukta, nasi tulikuwa tunazisoma kama namba nzima. Mvua ikakatika. Kikaja kimya, mlio, kimya, kisha sauti nyembamba inayokimbia, kama mtoto anayesoma sala ili awahi kucheza.

"Huyu siye dada yangu," alisema Muhindo.

"Tumeicheza haraka mno," nilimjibu. Hapo hakuna aliyenifundisha. Sauti inayokimbia niliijua tangu enzi za kaseti. Nikashusha kasi.

Na ndipo akaongea.

"Mama mmoja wa Kibati anatangaza kwamba amepotelewa na mbuzi jike, mwekundu, sikio la kushoto limekatika kidogo. Aliyemwona amrudishe kwa jirani ya kanisa. Mbuzi huyo ana mimba. Narudia."

Akarudia. Alikuwa akirudia kila kitu, hata nyumbani. Muhindo aliinama mbele kabisa akisubiri kiwanja. Mbuzi akapita mara ya pili na sikio lake. Kisha Masika akakohoa, na kikasikika kitufe kikibonyezwa mara nyingi, kwa hasira inayoongezeka. Dirisha lilikuwa limeganda, lakini sehemu ya programu inayopokea sauti ilikuwa inaendelea kupokea na kushika mikononi. Yeye hakujua kwamba anasikika.

"Imekwama," alisema. "Eeh. Sasa Kambale atakuja, atasema, zima, washa." Aliiga sauti yangu. Aliiiga vizuri, sikujua kwamba ninaongea kwa pua. "Leo sizimi. Ikae hivi hivi. Akuje mwenyewe aone ugonjwa, hata mara moja tu kabla hajastaafu."

Kiti kikasogea. Mlango ukafungwa. Baada ya hapo ilikuwa studio tupu, feni ya mashine, na umeme wa batri zangu, mpaka nafasi ikaisha.

Gisèle alikuwa anatazama waya fulani ukutani. Mwishowe Muhindo akavaa kofia yake.

"Hakuna parcelle," alisema.

"Hakuna."

"Iko mbuzi."

"Iko mbuzi."

Akaanza kucheka, mtu mzima yule, akicheka na kujipangusa macho kwa kofia aliyokwisha kuivaa, na nikamwona kwa mara ya kwanza kuwa ni mtu aliyefiwa na dada. Alisema Masika alikuwa hivyo tangu mtoto, ukimwambia usikae hapa, anakaa hapohapo mpaka baba aje. Tuliporudi Katoyi alinikalisha mahali pangu mwenyewe, na kila mtu aliyeuliza nilikokwenda aliambiwa na Muhindo kwamba shemeji yake alitumwa kazi na marehemu.

Directeur alitaka kujua afanye nini na komunike. Nilimwambia mama wa Kibati bado anasubiri. Ikapigwa mchana huo baada ya habari, ile sehemu ya mbuzi tu, kwa sauti ya Masika. Simu zikalia. Wengine waliogopa, wengine walidhani redio imekosea kutangaza kifo, mmoja aliuliza kama mbuzi amepatikana. Sikuwahi kujua kama alipatikana.

Sehemu nyingine ninayo mimi. Ugonjwa nao nimeuona: diski ilijaa kwa sababu mafaili ya muda hayakuwa yanafutwa, jambo la dakika chache kurekebisha. Kama ningeutafuta mara ya kwanza alipolalamika, usingerudi, na nisingekuwa na sauti yake. Sijui niwafundishe nini kutokana na hilo, kwa hiyo siwafundishi.

Siku ile, kabla ya kurudi matangani, Gisèle alihakiki faili mara mbili, akaweka nakala kwenye diski ya harusi na nyingine kwenye kompyuta yake. Kisha mhudumu wa mapokezi akachungulia tena, safari hii mikono ikiwa nyuma ya mgongo.

"Papa, sasa?"

Nilimwambia atoke. Nikabonyeza kitufe mwenyewe, nikakishika mpaka feni ikanyamaza. Nilikaa kidogo. Nikawasha.

Iliamka vizuri kabisa, bila kosa hata moja. Masika angenuna wiki nzima.